Fomu nzuri ya simu haimuulizi mwenye kuku habari za ng'ombe

WAHENGA walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mkulima wa kahawa aliyesimama kwenye foleni tangu asubuhi ili ajiandikishe katika chama chake cha msingi ana haki ya kushangaa anapoulizwa ana ng'ombe wangapi wa maziwa, ana mabwawa mangapi ya samaki na mwaka jana aliuza kilo ngapi za pamba.

Hana ng'ombe, hana bwawa, na pamba hailimwi huko milimani anakoishi. Lakini fomu iliyo kwenye simu ya karani haikubali kwenda mbele bila jibu. Karani anaandika sifuri, sifuri, sifuri, na foleni inaendelea kusubiri.

Fomu nyingi za simu na kompyuta zinazotumika kusajili wakulima na wafanyabiashara wadogo zilitokana na fomu za karatasi. Mtu alichukua kurasa nne za maswali akazihamishia kwenye kioo cha simu mstari kwa mstari, bila kujiuliza nani atajaza nini.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana, na haihitaji fedha nyingi. Fomu inatakiwa kuonesha maswali yanayomhusu anayejaza peke yake, na mengine yote yafichwe hadi pale jibu la mtu litakapoonesha kwamba yanahitajika.

Kwa nini ni jambo la kuangaliwa

Miaka ya nyuma fomu ikikosewa, mkulima alirudi ofisini, akachukua karatasi nyingine. Siku hizi fomu ndiyo mlango wa huduma yenyewe.

Nchini Tanzania, mpango wa mbolea ya ruzuku uliozinduliwa Agosti 8, 2022 mjini Mbeya ulimtaka mkulima awe amesajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali ndipo anunue mbolea kwa bei ya ruzuku. Kenya nayo mwaka 2023 ilisajili wakulima wake kwa njia hiyo ili wapate mbolea ya bei nafuu.

Katika utaratibu wa namna hiyo, kosa dogo ni hasara kubwa. Mkulima mwenye shamba la ekari 2 akiandikiwa 2 kwenye nafasi iliyokusudiwa hekta, mfumo utamhesabia karibu ekari 5, kwa kuwa hekta moja ni sawa na ekari 2.47. Mwenye hekta 2 akiandikiwa ekari 2, atakosa zaidi ya nusu ya kile anachostahili.

Namba ya simu nayo inaweza kumponza. Wapo wakulima wasio na simu, au wanaotumia moja na jirani. Fomu ikilazimisha namba bila kuuliza simu ni ya nani, karani anaweka namba yoyote iliyo karibu, na ujumbe wenye namba ya usajili unakwenda kwa mtu mwingine. Msimu wa kupanda haumsubiri mtu atafute ujumbe wake.

Wazo la zamani katika chombo kipya

Kuruka maswali yasiyohusika hakukuanza na simu. Yeyote aliyewahi kuwa karani wa sensa au utafiti wa kaya anakumbuka maelekezo yaliyoandikwa pembeni ya dodoso: kama jibu ni hapana, nenda swali la kumi na nane.

Kwenye karatasi kazi hiyo ilimtegemea karani. Akichoka jua la mchana aliweza kuruka maswali mahali pasipostahili, au kuuliza umri wa watoto kwa mtu aliyekwisha kusema hana mtoto. Kosa lilikuja kuonekana baadaye, wakati madodoso yamefika mjini na mhojiwa yuko mbali.

Kwenye simu, kuruka kunafanywa na programu. Karani anabonyeza hapana, na maswali ya sehemu ile hayamtokei kabisa. Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza isiyotumia karatasi Agosti 2019 na kuhesabu watu 47,564,296. Tanzania ilifuata Agosti 23, 2022 kwa kutumia vishikwambi, ikahesabu watu 61,741,120. Baada ya kazi hiyo, vishikwambi vya sensa ya Tanzania viligawiwa kwa walimu.

Moja ya programu zilizorahisisha kazi hii kwa taasisi ndogo ni ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani chini ya Profesa Gaetano Borriello. Programu ya kujazia haina malipo, hufanya kazi kwenye simu za Android na haihitaji mtandao wakati wa kujaza. Majibu hutunzwa ndani ya simu, yakatumwa karani anapofika kwenye mtandao. KoBoToolbox, ambayo nayo hutumika sana Afrika Mashariki, imejengwa juu ya kazi hiyohiyo.

Fomu za programu hizo huandikwa kwenye jedwali la kawaida la kompyuta, swali moja kila mstari. Ipo safu moja ya jedwali ambayo kazi yake ni kueleza sharti la swali kuonekana. Katibu wa chama anaweza kuandika hapo kwamba swali la lita za maziwa litokee endapo tu jibu la swali la ng'ombe ni ndiyo. Anayejua kutumia jedwali la mahesabu hahitaji kuwa mhandisi ili ajifunze kazi hiyo.

M-Pesa ilivyowafundisha watu bila darasa

Kwa mfanyabiashara anayeona haya ni mambo ya wasomi, mfano uko mfukoni mwake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na mamilioni ya watu wasiowahi kugusa kompyuta wakaijua.

Sababu mojawapo ni kwamba haikuwapa fomu ndefu. Anayetaka kutuma pesa anaulizwa namba ya simu ya mpokeaji, kiasi na namba ya siri. Anayetaka kutoa pesa anaulizwa namba ya wakala, kwa kuwa namba ya simu ya mtu mwingine haina kazi hapo. Kila swali linakuja peke yake, na linategemea lile lililojibiwa kabla.

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye malipo ya biashara. Nchini Kenya mteja anayelipa dukani kwa namba ya till haulizwi namba ya akaunti. Anayelipia ada ya shule au umeme kwa namba ya paybill huulizwa, maana shule inataka kujua ada hiyo ni ya mtoto gani. Kampuni ingeweza kuweka nafasi zote mbili kwa kila mtu na kusema isiyohusika iachwe wazi. Mama wa sokoni angebaki anajiuliza akaunti gani inayotakiwa hapo.

Nafasi moja isiyo na kazi inaweza kula fedha nyingi. Kampuni ya kuuza safari ya Expedia ya Marekani ilieleza mwaka 2010 kwamba kwenye fomu yake ya malipo palikuwa na nafasi ya jina la kampuni, ambayo haikuwa ya lazima. Baadhi ya wateja walidhani wanatakiwa kuandika jina la benki yao, kisha wakaweka anwani ya benki badala ya anwani ya nyumbani, na malipo yakakataliwa. Nafasi hiyo ilipoondolewa, faida iliongezeka kwa dola milioni 12 kwa mwaka.

Hesabu ya chama cha msingi

Chama cha ushirika hakiuzi tiketi za ndege, lakini hesabu yake inafanana. Chukulia chama chenye wanachama 300 na fomu ya maswali 40. Kumi ni ya kila mtu: jina, kijiji, namba ya kitambulisho, simu na mengineyo. Kumi ni ya kahawa, kumi ya mahindi na kumi ya mifugo.

Mwanachama mwenye kahawa peke yake, katika fomu inayoficha yasiyomhusu, atajibu maswali 20. Kila swali likichukua nusu dakika, amebakiza dakika 10. Wanachama wote 300 wakiwa wa aina hiyo, chama kimeokoa dakika 3,000, yaani saa 50. Hizo ni zaidi ya siku sita za kazi za karani anayelipwa posho.

Faida nyingine ni ukweli wa takwimu. Chukulia wakulima kumi, wanne kati yao wakiwa na ng'ombe mmoja mmoja anayetoa lita 8 kwa siku. Kwa fomu iliyouliza wanne hao tu, wastani ni lita 8. Sita waliobaki wakijaziwa sifuri kwa lazima, wastani unashuka hadi lita 3.2. Mnunuzi wa maziwa akisoma takwimu hiyo ataona eneo hilo halifai kuwekewa kituo cha kukusanyia maziwa, wakati ng'ombe wake ni wazuri.

Kwa maneno mengine, sifuri na "haihusu" ni majibu mawili tofauti. Fomu inayoficha swali huacha nafasi tupu, na nafasi tupu haiharibu hesabu.

Swali la mlango ndilo linaloamua

Kazi kubwa katika fomu ya aina hii ni kuandika vizuri swali la mlango, yaani lile linaloamua sehemu ifuatayo ifunguke au ifungwe. Likikosewa, linafungia nje watu ambao fomu ilikusudiwa kwao.

Mfano ni swali, "Je, wewe ni mfugaji?" Katika maeneo mengi neno mfugaji humaanisha mtu mwenye kundi la ng'ombe. Mama mwenye kuku 15 na mbuzi wawili atajibu hapana kwa moyo mweupe. Sehemu yote ya mifugo itafungwa, na chanjo ya kuku ikija hatakuwemo kwenye orodha.

Swali zuri zaidi ni, "Je, nyumbani kwenu mnafuga chochote kati ya hivi?" kisha iwekwe orodha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, bata, nyuki, samaki. Anachagua alivyo navyo, hata kama ni vitatu, na kwa kila kimoja inafunguka sehemu yake. Mwenye kuku haulizwi habari za ng'ombe, na hapotei.

Vilevile swali la mazao lisiulize zao kuu peke yake. Mkulima wa kahawa mara nyingi ana migomba katikati ya mibuni na maharage chini yake. Akilazimishwa kuchagua moja, maharage yanayolisha nyumba na kuuzwa mnadani hayatahesabika.

Katika vipimo, fomu iulize kwanza mkulima anatumia kipimo gani, ekari au hekta, halafu ioneshe nafasi moja yenye jina la kipimo hicho. Programu ndiyo ifanye kazi ya kubadilisha. Kwa mavuno, gunia peke yake halitoshi, kwa kuwa gunia la kawaida na lumbesa havina uzito sawa. Ni vizuri fomu iulize kama mazao yalipimwa kwenye mizani. Aliyepima aoneshwe nafasi ya kilo, na asiyepima aoneshwe idadi ya magunia na aina yake.

Kuhusu simu, swali la kwanza liwe kama mwanachama ana simu yake mwenyewe. Akisema hapana, ndipo zitokee nafasi za namba ya ndugu anayemwamini, jina lake na uhusiano wao. Hapo ujumbe utajulikana umepita kwa nani.

Mitego ya kuepuka

Kuficha maswali kuna hatari zake. Ya kwanza ni swali la lazima lililofichwa. Hutokea katika fomu zilizotengenezwa kwa haraka: nafasi imefichwa, lakini mfumo bado unadai ijazwe. Mtu anabonyeza kitufe cha kutuma na hakuna kinachotokea, wala haoni kosa liko wapi. Sharti la kujaza lifuate sharti la kuonekana.

Ya pili ni majibu yaliyobaki nyuma ya pazia. Karani amejaza kimakosa kwamba mkulima ana ng'ombe watatu, kisha amerudi kubadilisha jibu kuwa hana. Sehemu ya ng'ombe imefungwa, lakini wale watatu wanaweza kubaki ndani ya kumbukumbu na kutokea kwenye taarifa. Programu kama ODK huondoa majibu ya aina hiyo fomu inapokamilishwa, ila mifumo inayoundwa upya inatakiwa kuelekezwa kufanya hivyo.

Ya tatu ni kuficha kupita kiasi. Ada, masharti na tarehe ya mwisho si mambo ya kusubiri mtu afike ukurasa wa tano. Aidha, mtu ajulishwe mwanzoni vitu anavyotakiwa kuwa navyo mkononi, kama kitambulisho cha taifa au namba ya akaunti. Kumrudisha nyumbani baada ya kujibu nusu ya fomu ni kumkatisha tamaa.

Ya nne ni kutojaribu njia zote. Fomu yenye maswali matatu ya mlango ya ndiyo na hapana ina njia nane tofauti za kuipitia. Katibu aijaze yote minane mwenyewe kabla ya kumpa karani, kisha aijaribu kwa wanachama wachache wenye hali tofauti: mwenye mifugo, asiye nayo, anayekodi shamba, mjane, kijana asiye na kitambulisho. Kila mahali wanaposita, swali liandikwe upya.

Kila swali litetewe

Kabla ya kufikiria lipi lifichwe, yapo ya kufutwa kabisa. Mtaalamu wa fomu wa Uingereza, Caroline Jarrett, anashauri kila swali lihojiwe: nani ndani ya ofisi atakayelitumia jibu hili, atalifanyia nini, ni la lazima au la hiari, na nini kitatokea mtu akijaza uongo.

Swali lisilo na mwenyewe liondolewe. Katika vyama vingi, kikao cha nusu siku cha katibu, mhasibu na karani chenye fomu ya zamani mezani kinatosha kupunguza maswali mengi yaliyowekwa kwa sababu tu yalikuwepo tangu zamani.

Sheria nayo inaelekea huko. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile zinazohitajika kwa kazi aliyoitaja. Chama kinachouliza dini ya mwanachama ili kimuuzie pembejeo kitapata shida kueleza kwa nini.

Mfanyabiashara mdogo aanzie wapi

Mfanyabiashara anayepokea oda kwa simu anaweza kuanza bila gharama. Fomu za Google, kwa mfano, huruhusu jibu la swali la kuchagua limpeleke mteja kwenye sehemu inayomhusu.

Muuza vifaranga anaweza kuanza na swali moja: kuku wa nyama au wa mayai? Kila jibu linakwenda kwenye sehemu yake yenye bei na tarehe ya kutotolewa. Linafuata swali la pili: utachukua mwenyewe au uletewe? Anayechukua mwenyewe anaoneshwa siku na saa za kufika. Anayeletewa anaulizwa mtaa, alama ya karibu na namba ya kupiga dereva akikwama njiani.

La malipo ndilo la mwisho. Anayelipa kwa simu anaoneshwa namba ya kulipia na nafasi ya kuandika namba ya muamala. Anayelipa taslimu haoni lolote kati ya hayo, anamaliza.

Mkulima naye ana wajibu wake anapoandikishwa. Asikubali karani amjazie jambo lisilo la kweli ili fomu ipite, kwa kuwa jina linalobaki kwenye kumbukumbu ni lake. Aombe asomewe majibu yote kabla ya kutumwa, hasa ukubwa wa shamba, kipimo chake, namba ya kitambulisho na namba ya simu. Akiishapewa namba ya usajili, aiandike kwenye daftari nyumbani, kwa kuwa simu huibwa na ujumbe hufutika.

Vyama vinavyojiandaa kusajili wanachama upya vina muda wa kurekebisha fomu zao kabla foleni haijapangwa. Karani akimaliza na mtu mmoja kwa dakika 10 badala ya 20, aliyesimama wa mwisho kwenye mstari atawahi kurudi shambani kabla jua halijazama.